Ubongo Hausomi Picha ya Neno: Historia Fupi ya Kiwimbi cha Kikamba

Leo naomba tuache kidogo mambo ya seva na programu, tuzungumzie mashine ambayo kila mmoja wetu anatembea nayo kichwani. Swali ni hili: unapoona neno limeandikwa, ubongo wako unalitambuaje? Unalitazama zima zima kama picha, au unazisoma herufi zake?

Linaonekana swali la maprofesa tu. Lakini mimi ni mtunzi wa programu, kazi zangu nyingi ziko kati ya Wote na mji wa Kitui, na nimegundua kwamba jibu la swali hili linagusa majina ya watu, masomo ya watoto, na hata gharama ya ujumbe wa simu. Vumilia nieleze.

Nianze na barua pepe moja maarufu. Mwezi Septemba 2003 ilizunguka dunia nzima, na hadi leo bado inarudi, siku hizi kupitia WhatsApp. Inadai kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge wamegundua kuwa mpangilio wa herufi ndani ya neno si muhimu. Mradi herufi ya kwanza na ya mwisho ziko mahali pake, za katikati unaweza kuzivuruga utakavyo na msomaji ataelewa tu, kwa sababu ubongo husoma neno zima. Barua yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza kilichovurugwa hivyo, na kweli inasomeka. Watu wakashangaa, wakatumiana.

Matt Davis, mtafiti wa lugha na ubongo aliyekuwa akifanya kazi hukohuko Cambridge, aliishangaa kuliko wote, kwa maana hakujua utafiti wowote wa namna hiyo mjini kwake. Alifuatilia, na moja ya mizizi aliyoipata ni tasnifu ya Graham Rawlinson ya mwaka 1976, ya Chuo Kikuu cha Nottingham. Mwaka 2006 Keith Rayner na wenzake walipima jambo lenyewe kwa wasomaji wa Kiingereza. Herufi za katikati zikivurugwa, kasi ya kusoma ilishuka kwa asilimia 11. Zikivurugwa za mwisho, asilimia 26. Zikivurugwa za mwanzo, asilimia 36. Kwa hiyo inasomeka, lakini si bure.

Sisi wa Kiswahili hatuhitaji hata maabara. Andika "alikata mti". Sasa vuruga herufi za katikati za neno la kwanza: "alitaka mti". Herufi ya kwanza ni ileile, ya mwisho ni ileile, na za katikati ni zilezile. Lakini mmoja ameshika panga na mwingine bado anatamani tu. Fanya vivyo hivyo na "kutuma", utapata "kumtua". Lugha zetu zina silabi fupi na viambishi vingi, na ukisogeza herufi mbili tu unaweza kuangukia neno jingine halali. Waebrania nao wako hivyo: Hadas Velan na Ram Frost walionyesha mwaka 2007 kwamba Kiebrania kikivurugwa herufi, wasomaji wake huumia kuliko wasomaji wa Kiingereza.

Basi hii imani kwamba tunasoma neno zima kama picha ilitoka wapi? Haikuanza na barua pepe. Turudi karne ya 19, mji wa Leipzig, Ujerumani. Huko Wilhelm Wundt alikuwa amefungua maabara ya saikolojia mwaka 1879, na mwanafunzi wake Mmarekani, James McKeen Cattell, alikuwa akiwaonyesha watu herufi na maneno kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko kupepesa jicho. Mwaka 1886 alichapisha matokeo ya kushangaza: watu waliweza kutambua herufi nyingi zaidi zilipounda neno kuliko zilipotupwa ovyo, na neno fupi zima lilitambuliwa karibu kwa wepesi uleule wa herufi moja. Wengi waliokuja baadaye wakaona hapo kuna jibu rahisi: kumbe tunasoma umbo la neno, na herufi ni vipande tu. Shule nyingi za ng'ambo zikaja kufundisha watoto kukariri maneno mazima kama picha.

Sasa sikiliza jambo la kufurahisha. Katika miaka hiyohiyo, mji huohuo wa Leipzig ulikuwa na shirika la misheni la Kilutheri. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 wamisionari Walutheri wa Kijerumani walikuwa wameshafika Ikutha, kusini mwa Kitui, na misheni ya Leipzig ikaendeleza kazi hiyo hadi Mulango, karibu na mji wa Kitui. Sidai kwamba wachungaji hao waliwahi kukanyaga maabara ya Wundt. Nasema tu kwamba mji mmoja ulikuwa ukipima jinsi watu wanavyosoma, na wakati huohuo ukituma watu waende kuandika lugha ambayo haikuwa na vitabu. Upande wa Makueni, Africa Inland Mission ilianza kituo chake cha kwanza Nzaui mwaka 1895, chini ya Peter Cameron Scott, aliyefariki hukohuko mwaka uliofuata.

Hao nao hawakuwa wa kwanza. Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849 akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara ya kwenda pwani. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona mlima wenye theluji ambao Wakamba waliuita Kĩ-Nyaa. Krapf akauandika "Kegnia", mahali pengine "Kenia". Tazama vizuri irabu ya kwanza. Ile ĩ ya Kikamba hutamkwa katikati ya i na e. Alfabeti ya mgeni haina herufi yake, kwa hiyo mkono ukaandika e. Ukitaka kujua herufi moja ina uzito gani, tazama ramani ya nchi yetu. Mwaka 1850 Krapf akachapisha Injili ya Marko kwa Kikamba huko Tübingen.

Tatizo alilokutana nalo Krapf ni la hesabu. Kiswahili kina irabu tano. Kikamba kina saba: a, e, i, ĩ, o, u, ũ. Alfabeti ya Kilatini ina tano za kutosha Waswahili, na mbili za Wakamba zinabaki nje mlangoni. Maandishi ya Kikamba yalipotulia, hizo mbili ziliwekewa alama ndogo juu, ambayo hapa nitaiita kiwimbi. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920 na Biblia nzima mwaka 1956, na vizazi vya Kitui na Makueni vimejifunza kusoma kwa vitabu hivyo na vya shule.

Je, kiwimbi hicho kina kazi, au ni pambo? Chukua maneno mawili. Kũtũma, kwa Kikamba, ni kutuma: kumtuma mtoto dukani. Kũtuma, bila kiwimbi katikati, ni kufuma au kusuka, kama akina mama wa Ukambani wanavyosuka vyondo. Tofauti yote ya maandishi ni kiwimbi kimoja.

Na hapa Kiswahili kinatupa ushahidi mzuri. Wataalamu wa lugha wanakubaliana kwamba lugha mama ya Kibantu ilikuwa na irabu saba. Kikamba kimezihifadhi. Kiswahili kimezipunguza hadi tano, lakini kabla ya irabu mbili za u kuungana, ile ya juu zaidi ilishabadilisha konsonanti iliyotangulia: t ikawa f. Ndiyo maana sisi tuna "tuma" na "fuma". Mkamba anatofautisha kwa irabu, Mswahili anatofautisha kwa konsonanti, na maneno ni yaleyale ya mababu. Sasa fikiria mtu akikwambia, "tuondoe f kwenye kompyuta, tuandike t kila mahali, watu wataelewa tu." Ungemcheka. Lakini ndivyo tunavyofanya kila tunapofuta kiwimbi.

Naijua hoja ya upande wa pili, na ina nguvu. Wakamba wengi huandikiana bila viwimbi kila siku na wanaelewana. Kikamba kina toni pia, na toni haziandikwi kabisa, bado watu wanasoma. Msomaji mzoefu anakisia kutokana na sentensi. Kama ubongo unasoma umbo la neno zima, kiwimbi kimoja kitapungua nini?

Hapo ndipo sayansi iliyokuja baada ya Cattell inapotusaidia. Mwaka 1969 Gerald Reicher alirudia jaribio la aina ile, lakini akaziba mwanya wa kukisia. Alionyesha neno kwa muda mfupi sana, kisha akauliza: herufi ya mwisho ilikuwa hii au ile? Chaguo zote mbili zilitengeneza neno halali, kwa hiyo kukisia hakukusaidia. Bado watu waliitambua herufi ndani ya neno vizuri zaidi kuliko herufi ileile ikiwa peke yake. Ajabu, sivyo? Ni kama kumtambua mtu kwa urahisi akiwa kwenye umati kuliko akiwa amesimama pekee.

Kama sababu ingekuwa umbo la neno, faida hiyo ingepotea unapoandika kWa HeRuFi ZiLiZoChAnGaNyWa NaMnA hIi, kwa maana umbo limeharibika kabisa. Haikupotea. Na ilionekana hata kwa maneno ya kubuni ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, mradi yanatamkika. Kwa hiyo si picha iliyohifadhiwa. Mwaka 1981 James McClelland na David Rumelhart walitengeneza modeli ya kompyuta iliyoeleza jambo hili, na sisi watunzi wa programu tutaipenda. Ina ngazi tatu: mistari na mikunjo chini, herufi katikati, maneno juu. Herufi zote za neno zinashughulikiwa kwa pamoja, si moja baada ya nyingine. Kila herufi inayopata ushahidi inaamsha maneno yanayoifaa, na maneno yaliyoamka yanarudisha nguvu chini kwa herufi zake na kuwakandamiza wapinzani. Neno linashinda kwa kura. Ndiyo maana neno fupi linatambulika upesi karibu kama herufi moja: herufi hazikurukwa, zilisomwa zote kwa mara moja. Mwaka 2003 Denis Pelli na wenzake walionyesha jambo hilohilo kwa njia nyingine, kwamba neno halisomeki mpaka sehemu zake zitambulike moja moja.

Ndani ya kichwa, kazi hii ina makao yake. Mwaka 1892 daktari Mfaransa Jules Dejerine alieleza habari za mgonjwa ambaye ghafla hakuweza tena kusoma. Alikuwa akiona vizuri, akizungumza vizuri, na hata kuandika aliweza, ila hakuweza kusoma alichoandika mwenyewe. Baada ya kufa, ubongo wake ulionekana umeharibika upande wa nyuma kushoto. Mwaka 2000 Laurent Cohen, Stanislas Dehaene na wenzao walieleza, kwa kutumia mashine za kupiga picha za ubongo, sehemu ndogo ya chini upande wa kushoto inayoshughulikia maneno yaliyoandikwa. Hakuna anayezaliwa nayo ikiwa tayari. Mwaka 2010 kundi la Dehaene lilichapisha uchunguzi wa watu wazima 63 wa Brazil na Ureno, wakiwemo wasiojua kusoma na waliojifunza ukubwani. Kusoma kulikuwa kumebadilisha sehemu hiyo hata kwa waliojifunza wakiwa watu wazima. Wale wazee wetu waliokwenda masomo ya ngumbaru baada ya kampeni ya mwaka 1979, bongo zao zilijengwa upya wakiwa na wajukuu.

Na ubongo unajengwa kwa herufi unazouonyesha. Utafiti wa Kifaransa uliochapishwa 2019 ulipima kama herufi yenye alama juu inahesabiwa ubongoni kuwa ni ileile isiyo na alama. Matokeo yalielekea upande mmoja: kwa msomaji, hizo ni herufi tofauti. Sijaona jaribio kama hilo kwa Kikamba, lakini ũ na u za Kikamba ziko mbali kisauti na kimaana kiasi kwamba nisingetarajia vingine.

Kwa hiyo jibu langu kwa hoja ile ni hili. Ndiyo, mtu mzima anaelewa bila kiwimbi, kama anavyoielewa ile barua pepe ya Cambridge. Lakini umemnyang'anya herufi moja ya kura na kumwachia sentensi imfanyie kazi. Mzoefu analipa kwa kasi kidogo. Mtoto wa darasa la kwanza hana akiba ya kulipia, maana hajui bado maneno ya kutosha ya kukisia. Tena tunajua kusoma lugha ya nyumbani kunalipa: jaribio lililofanyika Machakos, jirani ya Makueni na Kitui, kwa Kikamba, na Bungoma kwa Kibukusu, lililochapishwa 2016 na Benjamin Piper na wenzake, lilionyesha kwamba watoto waliofundishwa kwa lugha ya mama walisoma lugha hiyo vizuri zaidi kuliko wenzao. Vitabu vyao vina viwimbi. Simu za wazazi wao mara nyingi hazina.

Hapo tumefika kwenye mashine, eneo langu. Taipureta nyingi za Kiingereza hazikuwa na kiwimbi, mtu aliweka kwa kalamu au aliacha. Kompyuta zikaja na seti ya herufi ya ISO 8859-1, mwaka 1987, iliyotungwa kwa ajili ya Ulaya Magharibi. Ina ñ ya Wahispania, ina ã na õ za Wareno. Haina ĩ wala ũ. Hadi leo kibodi ya Windows iitwayo US-International ukibonyeza kiwimbi kisha n unapata ñ, lakini ukibonyeza kiwimbi kisha u hupati ũ. Unicode ilipotoka mwaka 1991 ilizikubali zote mbili: ĩ ni U+0129 na ũ ni U+0169. Mwaka uliofuata Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, ambamo ũ ni baiti mbili, C5 na A9. Programu ya zamani ikizisoma baiti hizo kana kwamba ni za Ulaya Magharibi, Mũsyoka anakuwa MÅ©syoka. Nimeiona orodha ya kundi moja la wasusi wa vyondo ikirudi kutoka kwa mchapishaji ikiwa hivyo ukurasa mzima. Watu walicheka, kisha wakakubaliana kufuta viwimbi vyote ili "kompyuta isikasirike". Hivyo ndivyo herufi inavyokufa. Hakuna anayeipiga marufuku, inachosha watu tu.

Simu ni mbaya zaidi. Alfabeti ya kawaida ya GSM hubeba herufi 160 kwa ujumbe mmoja. Ndani yake kuna ñ, kuna ù na ì za Waitaliano, lakini hakuna ũ wala ĩ. Ukiweka ũ moja tu, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wenye nafasi 70. Ujumbe wa herufi 120 kwa Kikamba kisicho na kiwimbi ni SMS moja. Ukiuandika sawasawa ni SMS mbili. Anayetuma taarifa kwa wakulima elfu moja wa Makueni analipia elfu mbili. Bila mtu kukusudia, Mkamba anatozwa kodi kwa kuandika lugha yake vizuri.

Basi, watunzi wenzangu, tufanye nini? Machache tu. Hifadhi kila kitu kwa UTF-8, kuanzia hifadhidata mpaka printa, na jaribu programu yako kwa jina lenye ũ kabla hujaikabidhi. Kumbuka ũ inaweza kuandikwa kwa njia mbili, kama herufi moja au kama u iliyofuatwa na alama U+0303. Kwa macho zinafanana, kwa kompyuta ni tofauti, kwa hiyo ziunganishe kabla ya kuhifadhi. Katika kutafuta, mruhusu mtu aandike "Musyoka" na ampate Mũsyoka, lakini usifute kiwimbi kwenye kumbukumbu yenyewe. Usibuni tarehe zako pia: hazina ya CLDR ya Unicode tayari ina Kikamba, msimbo wake ni kam, na ndani yake Jumanne ni Wa kelĩ na Jumatano ni Wa katatũ, viwimbi vikiwa mahali pake.

Krapf alikuwa na udhuru: alfabeti yake haikuwa na herufi hiyo. Sisi tumekuwa nayo tangu 1991. Tuitumie.